Wadudu Wawili

Maneno haya niliyasema asubuhi ya mahafali ya vijana wa maabara na utabibu, mkoani Tanga. Mvua ilipiga bati katikati ya hotuba na waliokaa nyuma hawakusikia, wakaniomba niyaandike. Nimeyaandika kama yalivyotoka, na pale mvua ilipoyafunika nimeyarudia kwa kirefu kidogo.

Ndugu mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu, wazazi mliosafiri usiku kucha, na ninyi wanangu mliovaa majoho: asalaam aleykum, Bwana Yesu asifiwe, habari za asubuhi.

Nimefanya kazi ya maabara miaka thelathini na mmoja. Sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa nimeinamia hadubini, nikitafuta viumbe vya seli moja, protozoa: kwanza vya malaria, kisha vya malale, kisha amiba na ndugu zao. Nilipoambiwa mmenichagua niseme nanyi, nilijua palepale nitasema nini, kwa sababu ni jambo moja tu ambalo ningependa mtu angeniambia siku yangu kama hii.

Kila mzazi aliyeko hapa amewahi kutoka zahanati na mtoto mgongoni, jirani akamuuliza, "Wamesemaje?" Naye akajibu, "Malaria. Amekutwa na wadudu wawili." Jirani akatikisa kichwa, akasema wa kwake juzi alikutwa na watatu. Wote wawili wakaelewana.

Wazazi wangu, wale wadudu wawili si wadudu wawili. Ni alama mbili za kujumlisha ambazo mtu kama mimi aliziandika kwenye kikaratasi. Plasi moja maana yake aliangalia fildi mia moja za hadubini, yaani viduara mia vya kile jicho linachokiona kwenye kioo kwa mara moja, akaona vimelea 1 hadi 10. Plasi mbili ni 11 hadi 100 katika fildi hizo mia. Plasi tatu ni 1 hadi 10 katika kila fildi moja. Plasi nne ni zaidi ya 10 katika kila fildi, na hapo ngazi imeisha, haina daraja jingine la juu. Mtoto mwenye vimelea 6,000 katika mikrolita moja ya damu ni plasi nne. Mtoto mwenye vimelea 400,000 naye ni plasi nne. Wa kwanza huenda akarudi nyumbani na dawa mseto mkononi. Wa pili anahitaji kitanda, sindano, na mtu wa kukaa macho naye usiku kucha. Kikaratasi kimewafanya pacha.

Niwape kisa changu. Hospitali sitaitaja. Ilikuwa zamu ya usiku, ameletwa mtoto wa kike wa miaka minne, homa imepanda, degedege limemshika mara mbili njiani. Damu yake ikafika dirishani kwangu nikiwa na slaidi nyingine kumi na nane zinasubiri. Nikapaka rangi, nikaweka tone la mafuta, nikaangalia. Nikaona pete za falsiparamu, kimelea cha malaria kilicho kikali kuliko ndugu zake, kile kiduara cha buluu chenye nukta nyekundu pembeni kama kito cha pete. Moja hapa, fildi inayofuata hamna, inayofuata moja. Nikaandika plasi mbili, nikasukuma karatasi dirishani, nikachukua slaidi nyingine.

Tabibu akasoma, akaandika malaria kali, kwinini kwenye dripu. Alfajiri muuguzi mmoja mtu mzima, aliyekuwa anambadilisha mtoto nguo, akasema, "Mbona shingo yake haikunjiki?" Maji ya mgongo yalipotolewa yalikuwa na ukungu kama maji yaliyooshea mchele. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo ya bakteria. Antibiotiki iliingia karibu saa kumi baada ya mtoto kuvuka mlango wetu. Alifariki alasiri.

Siku ile nilirudi kwenye slaidi yake. Nikaihesabu kama nilivyofundishwa chuoni na kama nilivyokuwa nimeacha kufanya. Vimelea havikufika hata 400 kwa mikrolita. Miaka ile, katika vijiji vya bondeni, ungewapima watoto wanaocheza mpira baada ya shule ungekuta wengi wana kiasi hicho kwenye damu na wala hawajui, kwa sababu miili yao ilikwisha kuvizoea. Kimelea kilikuwepo, sikuandika uongo. Ila si yeye aliyekuwa anamuua yule mtoto, na neno langu "plasi mbili" ndilo lililowafanya wenzangu waache kutafuta.

Wanangu, mkiulizwa nilisema nini leo, semeni nilisema hivyo. Kuona kimelea ni jambo moja. Kujua kama hicho ndicho kinachomlaza mgonjwa ni jambo jingine, na jambo hilo la pili linahitaji namba kutoka maabara na alama kutoka kwenye mwili wa mgonjwa, zikae pamoja kwenye ukurasa mmoja.

Msidhani kisa changu ni cha peke yake. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali kumi za kaskazini-mashariki mwa nchi yetu. Wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa kama watu wenye malaria kali, slaidi zao zilisomwa kwa makini. Waliokuwa na vimelea kweli ni asilimia 46. Zaidi ya nusu hawakuwa navyo. Na sasa sikilizeni linalouma zaidi: kati ya wenye vimelea walifariki asilimia 7 hivi, na kati ya wasio navyo walifariki asilimia 12. Yaani waliopewa jina lisilo lao walikufa zaidi. Mwaka 2013 yakatoka mengine kutoka Moshi. Watu 870 waliolazwa na homa. Asilimia 60 kati yao daktari aliandika malaria. Ugonjwa wenyewe ulipotafutwa hadi kupatikana, malaria ilikuwa kwa watu 14 tu. Wengine walikuwa na bakteria kwenye damu, au homa zinazotoka kwa wanyama, kama leptospira, homa ya Q na brusela, ambazo wengi wetu tulikuwa tunazisoma kwenye vitabu na kuzisahau.

Basi tuanze na namba. Slaidi moja, matone mawili, nene na jembamba. Lile nene liwe na unene ambao ukiliweka juu ya gazeti, herufi za chini unazisoma kwa shida. Jembamba lichovye kwenye methanoli. Nene usiliguse na methanoli, hata mvuke wake usilifikie, maana tunataka chembe nyekundu zipasuke ili vimelea vibaki wazi. Rangi ya Giemsa ichanganywe na maji ya pH 7.2; maji ya bomba yatakuchorea pete za uongo na kukuficha za kweli. Bwana Gustav Giemsa aliitengeneza rangi hii Hamburg, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na hadi leo hatujapata ya kuishinda kwa bei na kwa uwazi.

Kisha hesabu. Mkono mmoja unahesabu vimelea, mwingine chembe nyeupe. Ukifika nyeupe 200 na vimelea vimefika 100 au zaidi, simama. Kama havijafika, endelea hadi nyeupe 500. Zidisha idadi ya vimelea kwa 8,000, gawa kwa idadi ya nyeupe ulizohesabu. Vimelea 250 kwa nyeupe 200 ni 10,000 kwa mikrolita. Kama mgonjwa amepimwa picha kamili ya damu, tumia idadi yake halisi ya chembe nyeupe badala ya 8,000. Na kabla hujaandika "hakuna," pitia fildi mia moja. Mia moja, si ishirini kwa sababu foleni ni ndefu. Najua foleni. Nimekaa nyuma ya dirisha lile. Shirika la Afya Duniani limesema kwa miaka mingi kwamba plasi ni za pale tu ambapo kuhesabu hakuwezekani, na mara nyingi kunawezekana: ni dakika chache zaidi.

Sasa niseme na ninyi matabibu, kwa sababu namba nayo ukiitegemea peke yake itakuangusha. Falsiparamu ana tabia ambayo wadogo zake, kina vivaksi na malarie, hawana kwa kiasi hicho. Akikomaa hujibandika kwenye kuta za mishipa midogo, kwenye ubongo, kwenye utumbo, kwenye kondo la mama mjamzito, asipite kwenye bandama kuchujwa. Damu ya kidoleni inakuonyesha vichanga tu. Kwa hiyo unaweza kupata mtoto mwenye vimelea vichache kidoleni na ubongo uliojaa. Ndiyo maana mtu wa maabara akiona vimelea vilivyokomaa vinaelea kwenye damu ya kidole, au akiona punje nyeusi za rangi ya malaria ndani ya zaidi ya asilimia 5 ya zile chembe nyeupe ziitwazo nyutrofili, aandike, tena aandike kwa herufi kubwa. Punje hizo ni mabaki ya chakula cha kimelea. Zinasema vilikuwepo vingi, hata kama leo huvioni.

Alama za mwilini ziko wapi? Nendeni Kilifi, ng'ambo tu ya mpaka wetu, pwani moja na sisi. Mwaka 1995 walichapisha habari za watoto 1,844 waliolazwa na malaria. Walifariki 64. Kati ya hao, 54 walikuwa na moja ya mambo mawili, au yote mawili: fahamu iliyopungua, au kupumua kwa shida. Mambo mawili ambayo hayahitaji umeme. Yanahitaji mtu asimame miguuni pa kitanda, afunue kanga, aangalie kifua kwa dakika nzima.

Kupumua huko ni kwa kina, kunakovuta tumbo na mbavu, kama mtu aliyetoka kukimbia ilhali amelala. Wengi huandika nimonia. Mara nyingi ni tindikali imejaa kwenye damu kwa sababu tishu zimekosa oksijeni. Lakteti, ndiyo tindikali yenyewe, imefika 5 au zaidi; bikaboneti, inayoizimua, imeshuka chini ya 15. Mapafu yenyewe ukiyasikiliza ni masafi.

Na fahamu. Mwaka 1989 Malcolm Molyneux, Terrie Taylor na wenzao waliokuwa wakifanya kazi Blantyre, Malawi, walitoa kipimo cha fahamu kwa watoto ambao bado hawajui kusema vizuri, maana kile cha watu wazima kinataka mgonjwa ajibu maswali. Naomba nikioneshe, maana nimeona watu wanakijaza kwenye faili bila kumgusa mtoto. Bonyeza ukucha wake kwa kalamu ya risasi iliyolazwa. Akivuta tu mkono, alama moja. Sugua kifua chake kwa vifundo vya vidole. Akileta mkono kukuondoa, alama mbili. Akilia kilio kinachoeleweka, mbili. Akiguna tu, moja. Halafu mwambie mama apite upande mmoja wa kitanda kwenda mwingine. Macho ya mtoto yakimfuata mama, alama moja. Jumla ni tano. Chini ya tatu, huyo amezama. Uso wa mama ni sehemu ya kipimo, kwa hiyo msiwafukuze kina mama wodini wakati wa kupima.

Mengine nayataja haraka, mnayajua. Degedege zaidi ya mara mbili kwa saa 24. Mtoto aliyekuwa anakaa, sasa hakai. Aliyekuwa ananyonya, sasa hanyonyi. Kreatinini, kipimo cha figo, juu ya 265. Damu kutoka fizi. Sukari chini ya 2.2, na hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, kwa sababu tone lilelile la kidoleni mlilolitoa kwa ajili ya slaidi linatosha kupima sukari na wingi wa damu. Kidole kimoja, majibu matatu. Mtoto aliyezimia kwa sukari ndogo anaweza kufumbua macho ndani ya dakika chache akipewa glukosi, nimeyaona haya kwa macho yangu. Na anaweza kufa wodini huku kila mtu akisema malaria imepanda kichwani.

Sasa angalieni jinsi walioandika vigezo vya malaria kali walivyofunga alama na namba kwa uzi mmoja. Upungufu mkubwa wa damu kwa mtoto, yaani himoglobini 5 au chini, hauhesabiwi kuwa wa malaria kali mpaka vimelea vizidi 10,000. Macho ya manjano, hata bilirubini ikipita 50, hayahesabiwi mpaka vimelea vizidi 100,000. Kwa nini? Kwa sababu mtoto wa kwetu anaweza kukosa damu kwa minyoo ya safura, kwa selimundu, kwa kula ugali mtupu mwaka mzima, huku ana vimelea vichache vya kupita njia. Anaweza kuwa na manjano ya ini. Mtu wa maabara aliyeandika "plasi nne" amemnyima tabibu jibu la swali lenyewe: zaidi ya laki, au chini ya laki? Plasi nne inaanzia kwenye elfu chache.

Kuna alama moja ambayo wachache kati yenu mtafundishwa kuitazama, ila naomba mjue ipo. Malawi hukohuko, kwa ruhusa ya wazazi waliofiwa, watoto 31 waliofariki wakiwa wameandikiwa malaria ya ubongo walifanyiwa uchunguzi wa maiti. Matokeo yalitoka 2004. Saba kati yao walikuwa wamekufa kwa sababu nyingine kabisa, ingawa kila kigezo cha wodini kilikuwa kimetimia: wamezimia, vimelea kwenye damu vipo, maji ya mgongo masafi. Alama pekee iliyowatenganisha walipokuwa hai ilikuwa nyuma ya jicho: retina yenye mabaka meupe, mishipa iliyobadilika rangi, madoa ya damu. Mmoja kati ya wanne au watano, mbele ya madaktari waangalifu sana. Nawafikiria wazazi wale kila nikisoma habari hii. Walitoa miili ya watoto wao, nasi tumejifunza kutoka kwao.

Dawa ya malaria kali tunayo na ni nzuri. Mwaka 2010 ilionekana kwa watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, wakiwemo wa Korogwe na Muheza hapa kwetu, kwamba waliopewa sindano ya artesunati walifariki asilimia 8.5, na wa kwinini asilimia 10.9. Ila artesunati haimtibu mwenye bakteria kwenye uti wa mgongo. Mtoto aliyezimia na hujui kwa nini, mpe vyote viwili, antibiotiki na artesunati, ukiendelea kutafuta.

Nije kwenye kipimo cha haraka. Sikipingi. Kimefika kwenye zahanati ambazo hazijawahi kuwa na hadubini, na kimeokoa watu. Lakini kijueni kinachokisoma. Vingi vya vipimo hivi vinatafuta protini moja ya falsiparamu, ile yenye histidini nyingi, ambayo inabaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mtoto aliyemaliza dawa mseto siku kumi zilizopita na leo ana homa ya nimonia, mstari utatokea. Upande wa pili, kuna vimelea ambavyo vimepoteza jeni ya protini hiyo. Viligunduliwa kwanza Amazoni ya Peru, habari zikachapishwa 2010. Baadaye vikaonekana kwa wingi Eritrea, na Ethiopia na Jibuti vipo pia. Mgonjwa amejaa vimelea, mstari hautokei. Hadubini haidanganyiki kwa hilo, inaona kiumbe chenyewe.

Na inaona ambao hukwenda kuwatafuta. Niliwahi kufanya kazi upande wa magharibi, kwenye mapori ya miombo, tukaletewa mrina asali, mtu wa makamo. Homa ya mwezi na nusu. Kipimo cha haraka cha malaria kilikuwa kimesema hapana mara tatu. Akatibiwa taifodi, akatibiwa mkojo, akatibiwa taifodi tena. Ndugu zake walisema mchana anasinzia akiwa na kijiko mkononi, usiku anazunguka kijijini. Niliweka tone la damu mbichi chini ya kioo, bila rangi. Ukitazama damu mbichi ya kawaida, chembe nyekundu zimetulia. Zake zilikuwa zinasukumwasukumwa, kama watu sokoni wanapopisha kitu wasichokiona, halafu kikatokea: chembamba, chenye mkia, kinajipinda. Tripanosoma. Malale. Kwenye bega alikuwa na kovu jeusi gumu, pale ndorobo alipomuuma, na kila aliyempima kabla yetu alikuwa amempima akiwa amevaa shati.

Malale ya upande wetu, ya rodesiense, huenda mbio, wiki au miezi michache. Ile ya gambiense, ya Kongo na kaskazini-magharibi ya Uganda, hutambaa kwa miaka. Ndiyo yenye tezi zilizovimba nyuma ya shingo. Daktari Thomas Winterbottom, aliyewahi kufanya kazi Sierra Leone, aliandika tangu 1803 kwamba wafanyabiashara wa watumwa waliijua alama hiyo na hawakuwanunua waliokuwa nayo. Uganda ndiyo nchi pekee yenye malale zote mbili. Kipimo cha kadi cha gambiense hakiioni ya kwetu, kwa hiyo huku Tanzania macho ni yako na hadubini. Ukishamwona kwenye damu, swali ni moja: amefika kwenye ubongo? Maji ya mgongo yatasema. Chembe nyeupe zikizidi 5 kwa mikrolita, au kimelea chenyewe kikionekana, amefika. Mgonjwa wetu alikuwa amefika. Wakati ule dawa ilikuwa melasoprolo, yenye aseniki ndani yake, ambayo iliua yenyewe karibu mmoja kati ya kila ishirini waliopewa. Alipona, Mungu ashukuriwe. Tangu 2024 miongozo ya Shirika la Afya Duniani inaruhusu vidonge vya feksinidazoli kwa malale ya rodesiense pia. Nilipoisoma habari ile nililia, siwafichi.

Wenzetu wa Baringo, Pokot Magharibi na Turkana, huko Kenya, wana mgeni mwingine, kala-azar, anayeletwa na usubi wa mchanga anayejificha kwenye vichuguu vya mchwa. Homa ya zaidi ya wiki mbili, mwili unakauka, bandama inavuka kitovu, na damu inapungua chembe za aina zote. Ukikutana na kijana mchungaji aliyetoka huko, ana bandama kama hiyo, usimwandikie malaria sugu ukamwacha.

Na amiba. Hapa nina ugomvi na maabara zetu. Mtu akienda na tumbo linalouma hatoki bila amiba. Wanangu, vile vifuko vyenye viini vinne mnavyoviona kwenye choo, kwa hadubini hamuwezi kujua kama ni amiba mkali, histolitika, au ndugu yake dispa asiye na madhara yoyote. Wanafanana kabisa. Kitu kimoja tu hadubini inaweza kukuonyesha kwa uhakika wa kutosha: amiba hai anayetembea, na ndani yake chembe nyekundu za damu alizokula. Kumpata unahitaji choo kibichi, kisomwe ndani ya nusu saa, na kiwe na damu. Kopo lililolala dirishani tangu asubuhi halitakuonyesha. Kwa hiyo ukiona vifuko tu, andika ulichokiona, "histolitika au dispa," na tabibu amtazame mgonjwa: choo kina damu? Anaumia chini ya mbavu za kulia, ana homa, jasho la usiku? Hapo fikiria jipu la ini, ambalo mara nyingi choo chake hakina amiba hata mmoja.

Kwa wenye virusi vya UKIMWI ambao CD4 yao, yaani chembe za kinga ya mwili, imeshuka chini ya 100, kuna wawili wa kukumbuka. Kriptosporidiamu, mwenye kuharisha maji kusikoisha: kwa kipimo cha kawaida cha choo humwoni, lazima rangi ya Ziehl-Neelsen iliyorekebishwa, naye hujitokeza mwekundu. Tabibu asipoandika ombi, maabara haitampaka. Na toksoplasma, kwenye ubongo, anayekuja na maumivu ya kichwa na mkono mmoja uliolegea. Hapa naomba fomu za maombi zijazwe. "Choo," peke yake, si ombi. Niambie umri, siku ngapi, damu ipo au haipo, CD4 ngapi. Dirisha la maabara lina pande mbili, na kutoka upande wangu nimekaa miaka mingi nikisoma damu za watu ambao sijaambiwa hata kama wanazungumza.

Nimeambiwa chakula kiko tayari, sitawachelewesha. Ila kabla ya chakula nina ombi. Nimekuja na hadubini yangu, iko kwenye meza ya dirishani, pamoja na slaidi tano. Hazina majina, zina namba tu. Moja ni ya mrina asali. Mbili ni za malaria, moja haina kitu. Nimeiweka ili nione nani atafika fildi ya mia. Namba tatu ni ya yule mtoto wa kike. Niliomba ruhusa kuihifadhi, na nimehama nayo vituo vinne.

Nendeni wawiliwawili, mmoja wa maabara na mmoja wa utabibu. Wa maabara ahesabu, wa utabibu aandike. Kwa namba tatu fikeni chembe nyeupe 500, maana mtaona wenyewe 200 hazitoshi. Idadi niliyoipata mimi nimeiandika nyuma ya bahasha iliyo chini ya hadubini. Msiigeuze kabla hamjamaliza. Mafuta yako kwenye chupa ya kahawia, na karatasi ya kufutia lenzi iko pembeni yake.